Mwiko na Mzio: Habari za Vyakula Vikatazwavyo katika Nyumba za Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Katika Kiswahili yako maneno mawili ambayo waalimu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja, yaani mwiko na mzio. Yote mawili hutaja kitu asichokula mtu, ingawa wenziwe wanakila. Kuyachanganya barazani si kosa kubwa. Lakini mama apaswaye kulisha watoto sita kwa chungu kimoja, na mmoja wao hawezi samaki, hana budi kujua ni lipi kati ya mawili hayo lililoingia nyumbani mwake. Akikosea, ama atamnyima mtoto chakula chema bure, ama atampa kitu kitakachomwua. Twaona yafaa kueleza tofauti hiyo hapa, maana katika nchi ya Mbinga, tangu milima ya Wamatengo na bonde la Ngaka hata pwani ya Liuli na Mbamba Bay, mara nyingi mwalimu na padre huulizwa habari hizi kabla ya tabibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwiko ni jambo lililokatazwa na desturi. (Mwiko wa kusongea ugali ni neno jingine. Wanafunzi hupenda kuuliza kama ni ndugu, kwa kuwa yote mawili hukaa jikoni. Sisi hatuoni sababu ya kuyaunganisha.) Mzio nalo ni neno la zamani kuliko wengi wadhanivyo. Siku hizi husomwa katika karatasi za hospitali, hata vijana hudhani limeundwa juzi na wataalamu. Sivyo. Ni ndugu ya neno omuziro la Waganda, ambalo ni jina la mnyama au kitu cha ukoo, asichoruhusiwa mtu wa ukoo ule kukila: mtu wa ukoo wa Mmamba hamli kamongo, na mtu wa ukoo wa Nkima hamli kima. Katika Kiswahili sauti ya katikati imeanguka, kama njala ya Wanyanja ilivyokuwa njaa kwa watu wa pwani ya bahari. Basi mzio kwa asili yake ni kitu ambacho mtu hujitenga nacho, ama kwa kuwa amekatazwa, ama kwa kuwa kinamdhuru, na neno moja lilibeba maana zote mbili bila taabu. Kando ya ziwa letu Kinyanja kina kitenzi kusala, yaani kujizuia na kitu, na kufunga chakula kwa ajili ya ibada huitwa kusala kudya. Msomaji na alishike jambo hili, maana tutalirudia: wazee hawakutenga kwa maneno kitu kikatazwacho na watu na kitu kikataliwacho na mwili.

Miiko ya chakula hutoka katika vyanzo vingi. Mingine ni ya kabila. Wanguni wa kusini walijulikana tangu kale kuwa hawali samaki. Na Wangoni, ambao ni tawi lao, walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika mwisho katika nchi ya Songea, karibu na ziwa lenye watu ambao pasipo usipa hawahesabu kuwa wamekula. Leo nyumba nyingi za Wangoni hula samaki bila swali. Mwiko umekufa pasipo mtu kuutangazia kifo. Mingine ni ya dini. Mwislamu hali nguruwe. Msabato hali nguruwe wala samaki asiye na magamba, hata kambale wa ziwani hamgusi, kwa kufuata sura ya 11 ya Mambo ya Walawi. Mkatoliki huacha nyama Ijumaa za Kwaresima. Mingine ni ya mganga, ampaye mgonjwa dawa na kumwambia asile kitu fulani mpaka dawa iishe. Pengine mganga hufa au huhama asiuondoe mwiko ule, na mgonjwa hubaki nao hata uzeeni. Na mingine, ambayo kwa maoni yetu ina madhara kuliko yote, ni ya wajawazito na watoto. Katika sehemu nyingi za Tanzania mama mwenye mimba hukatazwa mayai, ati mtoto asizaliwe hana nywele, na mtoto mdogo naye hunyimwa.

Tangu makaa ya mawe yalipoanza kuchimbwa Ngaka mwaka 2011, watu wa dini na makabila mbalimbali hula kwa mama lishe mmoja, na sufuria yake hukusanya miiko ya nchi nzima. Mama lishe mwenye akili huuliza kabla ya kupakua, wala mteja hamkasirikii.

Sasa tazama mzio wa mwili. Mwiko hujulikana kabla ya kula. Mzio haujulikani ila baada ya kula. Mwiko huwashika watu wengi wa namna moja, kama ukoo, au wajawazito, au waumini. Mzio humshika mtu mmoja, na ndugu yake walalao kitanda kimoja hana habari nao. Mwiko aweza kuufungua mwenye mamlaka. Mzio haufunguliwi na mzee wala askofu. Mtu akivunja mwiko huogopa jambo litakalomjia kesho au mwakani, bali mzio huja upesi, mara nyingi katika dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa 2 kupita.

Jina walilotumia wataalamu wa Ulaya, ambalo kwetu husemwa aleji, lilitungwa na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, mwaka 1906. Miaka minne kabla yake, mwaka 1902, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walikuwa wameonyesha kwamba mnyama aliyeingiziwa sumu kidogo asife, akiingiziwa tena kidogo kuliko ile ya kwanza, aweza kufa mara moja. Mwili umejifunza kumtambua adui, na kujifunza kwenyewe kumekuwa hatari. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Ndivyo ilivyo katika mzio wa chakula: mwili huidhania protini ya karanga au ya samaki kuwa adui, nao huipiga vita katika nyumba yake mwenyewe.

Vyakula vinavyoleta mzio zaidi ni vichache: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii zake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Dalili zake ni mwasho na mabaka ya kuvimba juu ya ngozi, midomo na macho kuvimba, kutapika na kuumwa tumbo. Zikizidi, sauti hukauka, pumzi hubana, na mtu huzirai. Afikaye hapo asingojewe asubuhi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, na hiyo iko mikononi mwa watu wa zahanati na hospitali. Kwa hiyo kila nyumba yenye mtu wa namna hiyo ijue zahanati iliyo karibu na njia ya kufika usiku. Mgonjwa alazwe, miguu ikiinuliwa. Kama pumzi imembana, aketi. Asisimamishwe wala asiendeshwe kwa miguu. Wengi humkimbilia mgonjwa kwa kikombe cha maziwa, wakidhani ni sumu ya kuzimuliwa. Maziwa hayazimi mzio, na kama mzio wenyewe ni wa maziwa, wanamwongezea moto.

Yako mambo mengine mawili yafananayo na mzio, nayo sio. La kwanza ni tumbo lisiloweza maziwa mabichi. Watu wazima wengi wa makabila yetu ya Kibantu hawana tena nguvu ya kuvunja sukari iliyo katika maziwa, basi wakinywa mengi tumbo huunguruma na kuhara. Hiyo ni hali ya kawaida, haiui. Mtu huyo aweza kunywa kidogo, au kunywa mtindi, ambao sukari yake imekwisha kupunguzwa na ule uchachu. La pili ni samaki aliyeharibika. Samaki aliyekaa juani pasipo kukaushwa vema aweza kuleta mwasho na wekundu wa uso kama mzio. Hapa kuna kipimo rahisi: wakiugua walaji wote, samaki ndiye wa kushukiwa, akiugua mmoja tu, na tena akaugua siku nyingine kwa samaki mwema, mtazame yeye.

Kipimo hicho ni rahisi kukiandika, lakini kijijini maneno huenda kasi kuliko vipimo. Mtoto amekwenda kwa jirani, amepewa mboga, amerudi uso umevimba. Neno la kwanza litakalosemwa ni kwamba amelishwa kitu. Jirani aliyempa ni mke wa pili, au mjane mzee, au mtu ambaye mwaka jana waligombania mpaka wa shamba. Na kabla jua halijazama amekwisha kuitwa mchawi. Yule mama aliyepika mboga ya majani ya maboga kwa karanga zilizotwangwa, kama apikavyo kila siku, hana namna ya kujitetea, maana uso wa mtoto unamshuhudia. Hapo mwalimu ajuaye habari ya mzio aweza kuokoa zaidi ya mtu mmoja. Na aulize mambo matatu tu: mtoto alikula nini, baada ya muda gani alivimba, na je, alipata kuvimba siku nyingine mahali pengine? Mara nyingi mama yake mwenyewe atakumbuka kwamba siku ya arusi, au siku ile alipopewa uji shuleni, midomo ilimwasha kidogo, ila hakuna aliyetilia maanani.

Twende sasa jikoni, maana hapo ndipo penye kazi. Mpishi wa Ulaya humpikia kila mtu sahani yake. Sisi tunapika chungu kimoja na kula kwa sinia moja, mikono ikikutana katika kitoweo. Tungekuwa wapumbavu kuwaambia watu waache kula pamoja. Lakini mwenye mzio wa samaki, hata akijitenga na vipande, amekula mchuzi. Na yuko mtu ambaye hata mvuke wa samaki wanaochemka humsumbua kifua. Kukausha na kupika sana hakuiondoi protini ya samaki, basi usipa mkavu si mwema kwake kuliko mbichi. Tena asiyeweza samaki wa namna moja mara nyingi hawezi na wengine, awe mwenye magamba au asiye nayo. Njia iliyo nyepesi ni hii: ugali uwe mmoja, kitoweo kiwe viwili. Maharage hupikwa kwanza, chungu kikiwa safi, na ya mtoto hupakuliwa kando katika bakuli lake lenye alama; ndipo usipa hupikwa kwa chombo kingine na upawa mwingine. Mtoto huketi mkekani pamoja na wenziwe, hula saa ile ile, ila bakuli ni lake. Tumeona wazee wakikubali desturi hii upesi kuliko tulivyotazamia, kwa sababu bakuli la mtu mmoja si jambo geni. Mgonjwa wa mganga naye alikuwa na lake.

Karanga ni shida zaidi, kwa kuwa hazionekani. Samaki hujitangaza kwa harufu; karanga hutwangwa zikatiwa katika kisamvu, katika mchicha, katika uji, na mlaji hazitambui mpaka amekwisha kumeza. Hapa tuna neno juu ya unga wa lishe. Wauguzi na waalimu, kwa nia njema kabisa, huwafundisha akina mama kuchanganya mahindi, ulezi, karanga, soya na dagaa waliosagwa, ili uji wa mtoto uwe na nguvu. Kwa watoto wengi ni msaada mkubwa, nasi hatutaki mtu auache kwa sababu ya makala hii. Lakini tazama: karanga, soya na dagaa ni vitatu katika vile vichache tulivyovitaja juu, navyo vimetiwa katika kikombe kimoja. Mtoto wa mzio akinywa uji ule na kuvimba, mama hawezi kujua kilichomdhuru, hivyo huacha uji wote na kumrudisha katika uji wa mahindi mtupu au wa muhogo mtupu. Mtoto ameponywa vipele, amepewa njaa. Afadhali kila kitu kianzishwe peke yake, kidogo, kwa siku kadhaa, na mama aangalie, kabla ya kuchanganya. Na aliyekwisha kujua kwamba karanga ndizo adui, aziondoe hizo tu, atie mahali pake kunde au mbaazi zilizosagwa, au mbegu za maboga kama hazimdhuru.

Kwa watoto wa shule, makande ni rafiki mwema. Mahindi na maharage hayamo katika orodha ile, ila mpishi asiyatie karanga ili kuyapamba. Mwalimu na aandike katika daftari jina la mtoto na kitu kinachomdhuru, na mpishi mwenyewe aambiwe kwa kinywa, kwa sababu daftari hukaa ofisini na chungu kiko nje.

Shida iliyobaki ni ya ugeni. Katika desturi zetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumwambia kwamba humwamini. Mama amfundishe nini mtoto wake? Akisema, "Karanga zinanidhuru," mwenyeji atacheka, atasema, "Onja kidogo tu, hazina neno," tena kwa upendo. Lakini akisema, "Ni mwiko wangu," hakuna mtu atakayemlazimisha. Mwenyeji ataondoa sahani pasipo kuuliza, na pengine atamchemshia yai. Sisi twaona hilo ni jambo la ajabu na la kufaa sana: nchi iliyozoea miiko imekwisha kuwafundisha watu wake heshima ile ile ambayo mgonjwa wa mzio anaihitaji. Padre mmoja alituuliza kama si uongo kumfundisha mtoto Mkristo kusema hivyo, na kama hatufufui ushirikina uliokwisha kuzikwa. Swali ni la haki. Jibu letu limo katika neno lenyewe. Mzio wa wazee ulikuwa na maana zote mbili. Mtoto akisema, "Ni mzio wangu," amesema kweli tupu kwa Kiswahili safi, na mwenyeji amesikia mwiko. Basi na afundishwe neno hilo.

Tumekwisha kusifu mwiko. Sasa tuonyeshe madhara yake, na hapa tutakaa kidogo, maana jambo hili limeumiza watu katika nchi yetu hii hii. Hatari kubwa katika nyumba yenye makatazo si chakula kimoja kilichokatazwa. Hatari ni makatazo yanayorundikana. Mtoto hawezi samaki kwa mzio. Bibi yake amemkataza mayai kwa desturi. Kuku wote wameuzwa. Maharage hayakuota kwa ukame. Kila katazo peke yake lina sababu yake, na kila mmoja aliyekataza alimpenda mtoto. Lakini ukitazama sinia, kilichobaki ni ugali wa muhogo.

Katika nchi ya Kwango, Kongo, Wayaka wana ugonjwa wauitao konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Huja ghafula: mtoto au mwanamke kijana aliyelala mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, akatembea kwa ncha za vidole, au asitembee kabisa, wala haponi. Watu wa Nampula, Msumbiji, walipopatwa nao mwaka 1981, zaidi ya watu 1,000, waliuita mantakassa. Katika Tanzania ulionekana Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985, watu 39. Na katika miaka ya 2001 na 2002 ulionekana Mtwara na wilaya ya Mbinga, ambayo wakati ule ilishika pia pwani ya ziwa, kabla ya wilaya ya Nyasa kutengwa mwaka 2012.

Chanzo chake ni muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Muhogo huo una kitu kitoacho sianidi, na ukame hukizidisha. Wazee wa ziwani wanajua dawa yake: huloweka muhogo siku kadhaa mpaka ulainike, huumenya, huukausha, ndipo husaga. Ng'ambo ya ziwa, kwa Watonga wa Nkhata Bay, ugali wake huitwa kondowole, nao ni chakula cha heshima wala hauwadhuru, kwa kuwa hawaharakishi maji. Lakini njaa ikiingia, siku za kulowekwa hupunguzwa, au muhogo hukatwa, hukaushwa upesi, na hupondwa. Hata hivyo si kila alaye unga huo hupatwa. Mwili una njia ya kuivunja nguvu sianidi, nao huhitaji salfa iliyo katika protini ya samaki, nyama, mayai na maharage. Yaani vitu vile vile ambavyo mzio na mwiko huviondoa mezani ndivyo ngao ya mlaji wa muhogo. Mtoto anyonyaye hapatwi. Hupatwa aliyeachishwa ziwa na kuingia katika sinia ya nyumba.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wa pwani ya ziwa: mkisikia kwamba mtoto fulani hali samaki, msiishie kuuliza kwa nini hali. Ulizeni anakula nini badala yake. Kama jibu ni maharage kila siku, au mbaazi, au yai, mama huyo anajua kazi yake. Kama jibu ni ugali na majani, nendeni mkautazame unga. Na unga uliokwisha kusagwa, ukishukiwa, unaweza kusafishwa bado, kwa njia iliyotolewa na Howard Bradbury, mtaalamu wa Australia. Unga hutiwa maji ukaloa, hutandazwa juu ya mkeka au beseni kwa unene usiozidi sentimeta 1, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi hutoka hewani, ndipo ugali husongwa siku ile ile. Katika kijiji cha Kay Kalenge, katika nchi ile ile ya Popokabaka huko Kongo, akina mama walifundishwa hivyo mwaka 2010 na 2011, na konzo ikazuiwa. Hakuna fedha iliyohitajiwa ila maji, mkeka na subira.

Juu ya mayai ya watoto tunalo neno moja jipya, litakalowashangaza wazee wa pande zote mbili. Zamani madaktari wa Ulaya nao walikuwa na mwiko wao: waliwaambia akina mama wenye watoto wa hatari wasiwape karanga wala mayai mapema, ili mzio usije. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenziwe wa London walitoa habari za watoto 640, wa miezi 4 hata 11 walipoanza, waliokuwa na dalili za kuelekea mzio. Nusu walipewa chakula cha karanga tangu utoto, nusu walinyimwa mpaka miaka 5. Katika walionyimwa, kama 17 kwa kila 100 walipata mzio wa karanga. Katika waliopewa, kama 3 tu. Kunyima hakukukinga, bali kulizidisha. (Walipewa karanga laini ndani ya chakula, si punje nzima, ambayo humkaba mtoto, na mtoto mwenye ukurutu mkali hupelekwa kwa tabibu kwanza.) Basi bibi amnyimaye mjukuu yai hamkingi na kitu. Katika hesabu ya taifa ya mwaka 2022, watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 katika Tanzania walikuwa wamedumaa, na mkoa wa Ruvuma ulikuwa juu ya kiasi hicho. Mwiko huu ungekufa kama ule wa samaki wa Wangoni, tusingeulilia. Tena mama akumbuke kwamba mzio wa maziwa na wa mayai mara nyingi huondoka mtoto akikua, hata yafaa kumrudisha kwa tabibu ili apimwe upya. Wa karanga na wa samaki kwa kawaida hukaa.

Limebaki jambo moja linalowahusu mapadre peke yao. Wako watu wasioweza ngano hata chembe, kwa sababu ya kitu kiitwacho gluteni kilicho ndani yake, ambacho huharibu utumbo wao polepole. Daktari wa watoto Willem Dicke, Mholanzi, alithibitisha kwamba ngano ndiyo yenye kosa, naye aliandika tasnifu yake mwaka 1950. Mtu wa namna hii, akiwa Mmatengo, hana shida kubwa nyumbani, maana mahindi, ulezi, muhogo, mchele na maharage havina gluteni; aache mandazi, chapati, mkate na tambi, akae vema. Taabu yake ni altareni. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, yadai mkate wa ngano tupu. Barua za Roma za mwaka 2003 na 2017 zimeeleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sadaka, bali hostia yenye gluteni kidogo sana, iliyotengenezwa kwa ngano pasipo kutiwa kitu kigeni, yafaa. Na asiyeweza hata hiyo aweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Padre atakayemkomunisha hivyo na amwandalie kikombe cha pembeni, ambacho hakikutiwa kipande cha hostia, maana katika kikombe kikuu kipande hutiwa kabla ya komunyo. Hostia za namna ile nazo ziwekwe katika chombo chake chenye kifuniko, zisiguswe kwa vidole vilivyokwisha kugusa nyingine. Hazipatikani kila mahali, basi ziagizwe mapema kwa njia ya jimbo, kabla ya siku za Pasaka.